Pale Injini Inapokutana na Giaboksi

Ukijenga injini mwenyewe uani, wageni watakuuliza habari za pistoni. Bloku imechongwa oversaizi gani? Ringi umepata wapi? Hedi ilikuwa imepinda? Pistoni zina umaarufu wake. Hakuna atakayeinama nyuma ya injini akuulize hali ya kile kitundu kilicho kwenye kitako cha kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kinachopokea ncha ya shafti ya giaboksi. Mimi naona hapo hasa ndipo fundi wa nyumbani anapopimwa. Bloku uliipeleka kwa mwenye mashine, akaichonga yeye, ukarudishiwa na vipimo vyake vimeandikwa kwa chaki. Klachi na belihauzi, lile ganda linaloifunika, utafunga wewe, kwa mikono yako, jua likizama, ukiwa na hamu ya kusikia injini inanguruma. Hamu hiyo ndiyo adui.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, 109 ya petroli (namba hiyo ni inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), iliyomaliza ujana wake kwenye shamba moja la kahawa upande wa Karatu. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yake ina sentimita za ujazo 2286, na ni ya kranki yenye beringi kuu tatu. Kranki za beringi tano zilikuja 1980. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover na barabara zikajaa 109 na 110 za kila rangi, ya kwangu ilikuwa vipande vipande chini ya turubai. Jirani yangu alipita akachungulia, akasema pole, kana kwamba nimefiwa.

Sikufanya peke yangu. Yupo mzee mmoja mtaani kwetu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya misheni, amestaafu, macho yamepungua lakini vidole vyake vinaona. Yeye huniita Mwalimu kwa sababu ya kazi yangu. Alikuwa anakuja baada ya chai ya saa nne, anakaa kwenye kreti, na kazi yake kubwa ilikuwa kunizuia.

Kwa asiyejua, klachi ni sahani iliyobanwa kati ya viganja viwili. Kiganja kimoja ni flaiwili, iliyofungwa kwenye kranki na inayozunguka na injini wakati wote. Kingine ni presha pleti, iliyofungwa kwa bolti kwenye flaiwili hiyohiyo. Sahani ya katikati ni klachi pleti, na yenyewe imevaa meno ya shafti inayoingia giaboksi. Ukiachia pedeli, springi ya presha pleti inabana na gari linakwenda. Ukikanyaga, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi, mbano unalegea na sahani inabaki huru. Basi. Ufundi hauko katika kuelewa hayo. Uko katika kuhakikisha kwamba vitu vyote hivyo, kuanzia kranki mpaka ndani ya giaboksi, vinazunguka juu ya mstari mmoja.

Kabla ya klachi yenyewe kuna sili ya nyuma ya kranki, na hapa Land Rover za beringi tatu zina ukorofi wao. Sili hiyo imegawanyika nusu mbili, inazungushwa kwenye kranki na kubanwa na vishikizi viwili. Juu ya hapo, kifuniko cha beringi kuu ya nyuma kina vipande viwili vya mpira vyenye umbo la herufi T, kimoja kila upande, na unapokipandisha kifuniko mahali pake, kingo za bloku hupenda kuvikata. Mzee alinifanya nilainishe kingo za bloku kwa jiwe la kunolea, nipake mipira oili, na kukipandisha kifuniko polepole huku nikitazama kila upande. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Lakini oili ikivuja hapo itadondokea kwenye flaiwili, na klachi pleti ikishaloa oili haina dawa. Watu huiosha kwa petroli, wengine huipitisha kwenye moto. Itashika wiki mbili, kisha itaanza tena kuteleza mlimani, ukiwa na mzigo.

Flaiwili niliipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma. Uso wake ulikuwa na mabaka ya buluu, dalili kwamba klachi iliwahi kuteleza hadi chuma kikaungua, na nyufa ndogo za juu juu zilizoondoka baada ya kukerezwa kidogo. Kama nyufa zingekuwa zinafika kwenye matundu ya bolti, flaiwili hiyo ingekwenda kwa wauza chuma chakavu. Kitu kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika karibu na miguu yako hakifanyiwi huruma. Kabla ya kuirudisha nilisugua kitako cha kranki na mgongo wa flaiwili hadi kucha ikapita bila kukwama, maana kichembe cha uchafu hapo katikati kinatosha kuifanya flaiwili iyumbe. Bolti zake nilikaza kwa mtindo wa msalaba, kwa hatua, kwa spana ya torki, kipimo kutoka kitabu cha gari. Hapa nina msimamo mkali: bolti za flaiwili hazikazwi kwa kukisia, hata kama mkono wako una uzoefu wa miaka thelathini.

Sasa kile kitundu. Ndani ya kitako cha kranki kuna bushi ndogo ya shaba nyeusi, na ncha ya shafti ya giaboksi inakaa humo. Ni kipuri cha bei ya soda chache, na wengi huiacha ile ya zamani kwa sababu kuitoa kunaonekana kugumu. Haitoki kwa kuchokonoa na bisibisi. Unajaza kitundu grisi mpaka pomoni, unatafuta kipande cha chuma cha mviringo kinachoingia bila kupwaya, unakigonga kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma bushi kutoka nyuma, na bushi inakuja taratibu. Grisi ikipenya pembeni, tumia sabuni ya mche iliyolowekwa kidogo. Hiyo ni mbinu ya mzee na inafanya kazi vizuri kuliko grisi, ila utakuja kusafisha povu.

Bushi mpya nayo haiingizwi kavu. Shaba yake imetengenezwa kwa unga wa metali uliogandamizwa, ina vinyweleo, na inatakiwa kunywa oili ya injini kabla ya kazi. Kitabu kinasema iloweke. Mzee ana njia ya haraka: ziba upande mmoja kwa kidole gumba, jaza oili, ziba upande wa pili kwa kidole kingine, ubane kwa nguvu. Baada ya muda utaona vijitone vya oili vinatoka jasho kwenye ubavu wa nje wa bushi. Nilidhani ananitania mpaka nilipoviona. Usipake grisi humo ndani badala ya oili, kwa kuwa grisi huziba vinyweleo hivyo na bushi haipati tena chakula.

Halafu ikaja siku ya kupima, na hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wa mtaani huiruka na kukucheka ukiifanya. Kwenye giaboksi za Series, beringi ya shafti ya kuingilia imekaa ndani ya belihauzi yenyewe, lile ganda la aluminiamu lenye umbo la kengele linalofunika klachi. Maana yake ni kwamba belihauzi si kifuniko tu. Ndiyo inayoamua shafti inaelekea wapi. Kama tundu la beringi hiyo halikukaa katikati kabisa ya kranki, shafti itaingia kwenye bushi ikiwa imeegemea upande, na kila mzunguko utakuwa unalazimisha. Bushi italika, beringi itaanza kulia, na klachi haitakata vizuri, yaani haitaachia, hata ubadilishe pleti mara ngapi. Wengine huishi na kelele hiyo miaka, wakilaumu vipuri feki.

Kwa kuwa giaboksi yangu nayo ilikuwa imefunguliwa, nilikuwa na belihauzi mkononi ikiwa tupu. Niliazima kwa fundi wa kukereza kipimo chake cha mshale, chenye kitako cha sumaku, kile kinachosoma hadi sehemu ya mia ya milimita. Sumaku unaibandika kwenye flaiwili, belihauzi unaifunga mahali pake kwenye hauzi ya flaiwili, lile ganda la nyuma ya injini, ncha ya kipimo unaiegemeza kwenye ukuta wa ndani wa tundu la beringi. Kisha unazungusha kranki kwa hendeli ya mbele, polepole, huku mtu anasoma mshale. Land Rover hizi zina faida hiyo: hendeli ni sehemu ya gari.

Mshale ulicheza milimita 0.31 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukumbuke kwamba kipimo hicho ni maradufu ya kosa lenyewe. Kituo cha tundu kilikuwa kimehama nusu yake. Wamarekani wanaojenga magari ya mbio majumbani hutumia kikomo cha inchi 0.005 kwa jumla ya mchezo wa mshale, yaani milimita 0.127, na kwa injini zao za V8 huuziwa pini maalumu zenye kiini kilichohamishwa, ambazo ukizizungusha zinasogeza belihauzi kidogo kidogo hadi ikae katikati. Sisi hatukuwa na pini hizo. Mdogo wangu akashauri tufunge tu, kwani gari lilikuwa linatembea hivyohivyo zamani. Mzee akasema, "Mwalimu, toa rangi kwanza."

Aliyemiliki gari kabla yangu alikuwa amepaka belihauzi na hauzi ya flaiwili rangi ya fedha, nje, ndani, na hata kwenye nyuso zinazokutana. Rangi juu ya rangi. Chini yake kulikuwa na mabaki ya gasketi maji ya zamani, na kwenye ukingo mmoja alama ya tindo, kovu lililoinua chuma kidogo pale mtu alipotenganisha vitu hivi kwa kupiga. Tulikwangua rangi yote kwa wembe wa plastiki na petroli, kovu tukalisawazisha kwa jiwe bapa, tukarudisha. Mshale ukacheza 0.10. Hakuna kipuri kilichonunuliwa. Sikumbuki jambo lingine katika ujenzi wote wa injini hii lililonipa furaha kama sindano ile ndogo kutulia, na mke wangu aliponiuliza ninacheka nini nilishindwa kumweleza.

Klachi pleti na presha pleti za Series III ni za inchi 9.5, za springi ya vidole. Nasisitiza kipimo hicho kwa sababu kuna injini nyingi za aina moja zinazozunguka nchini, zimetoka kwenye gari hili zikaingia lile, na nyingine zina flaiwili iliyotobolewa kwa klachi ya inchi 9 ya magari ya zamani. Kabla hujalipa dukani, iwe Kariakoo au kwingine, nenda na presha pleti ya zamani ukalinganishe matundu. Na ukishanunua pleti, ivalishe kwanza kwenye shafti ukiwa mezani. Iteleze yenyewe mbele na nyuma bila kukwama. Ikikwama mezani, itakwama ndani ya giza la belihauzi, na gari litakuwa linakwaruza gia kila unapokanyaga.

Neno kuhusu vumbi. Ukifungua klachi ya kale utakuta unga mweusi umejaa kila kona, na kishawishi ni kuupuliza kwa kompresa. Usifanye hivyo. Bitana za klachi za enzi hizo, yaani zile nyuso za pleti zinazoshika, nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku kabisa asbesto mwaka 1999. Tumia kitambaa kilicholowa, kisha kitupe kwenye mfuko uliofungwa.

Klachi pleti ina mbele na nyuma. Nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili, na kwa kawaida kitovu chenye springi kinatazama giaboksi. Ukiigeuza, kitovu kinagusa vichwa vya bolti za flaiwili na klachi haikati. Bitana usizishike kwa mikono yenye grisi. Kwenye meno ya shafti paka grisi ya joto kali kidogo mno, kisha futa, maana inayobaki hurushwa na mzunguko ikaenda kukaa kwenye bitana.

Kuipanga pleti katikati kunahitaji shafti ya bandia. Wenye bahati wana shafti halisi ya giaboksi iliyokufa. Mimi nilichongewa kipande cha mti wa mninga na fundi seremala, ncha yake inaingia kwenye bushi na mwili wake unajaza kitovu cha pleti. Presha pleti inakaa juu ya pini zake kwenye flaiwili, bolti zinaanzwa zote kwa vidole, halafu zinakazwa nusu mzunguko kila moja, kwa msalaba. Ukikaza moja hadi mwisho ndipo uende nyingine, unapindisha kifuniko cha presha pleti, na vidole vya springi havitakuwa tena usawa mmoja. Unaweza kuthibitisha kwa jicho: weka macho usawa wa vidole, kila kidole kiwe kimo kimoja na jirani yake. Kipande cha mti kitoke kwa kuvutwa tu, bila kugombana.

Rilizi beringi nilinunua mpya bila kufikiria mara mbili. Bei yake ni ndogo kuliko kazi ya kurudi kuitafuta. Usiioshe kwa petroli, kwa sababu grisi imefungiwa ndani kiwandani, na ukiiosha unaiua kabla haijaanza. Uma wake, ule unaoisukuma, upakwe grisi pale unapoegemea, na ile kava ya mpira pale uma unapotokea nje irudishwe, hata kama imechakaa itafutwe nyingine. Vumbi letu la Kisongo linaingia kila mahali.

Kisha kuunganisha. Kwenye 109, giaboksi ikishakuwa ndani ya chesisi, injini inaingia kutoka mbele, baada ya kuondoa rejeta na paneli yake yote. Mdogo wangu alitaka tuning'inize injini kwenye tawi la mparachichi. Mzee alilitazama tawi, akamtazama yeye, hakusema kitu, na kesho yake tukaazima mabomba matatu ya chuma na winchi ya mnyororo.

Siri ya sehemu hii ni pembe. Injini na giaboksi vinapaswa kutazamana kwa mwinamo mmoja, na uzito wa injini usiwahi hata mara moja kuning'inia kwenye shafti. Ukiiachia hivyo, kitovu cha klachi pleti kinapinda, na utajua siku ukianza kuendesha. Jeki moja chini ya giaboksi, mnyororo kwa injini, na mtu wa kupima pengo la belihauzi juu, chini, kushoto na kulia kwa kidole. Mapengo yakilingana pande zote, unasukuma. Meno yakikataa kuingia, weka gia ya nne, vuta hendibreki, kisha zungusha kranki taratibu kwa mbele. Hendibreki ya Series inabana shafti ya nyuma ya giaboksi, si magurudumu moja kwa moja, kwa hiyo shafti ya kuingilia inabaki imesimama wakati klachi pleti inaizunguka ikitafuta meno yake.

Injini ilisogea, ikasimama ikiwa imebaki nafasi ya kama kidole kimoja. Stadi, zile bolti zisizo na vichwa, zilikuwa zimeshatokeza upande wa pili, nati zinaweza kushika. Hapo ndipo belihauzi nyingi hupasuka masikio. Mtu anaona nati zinashika, anachukua spana, anavuta injini kwa nati, na aluminiamu inakubali mpaka inapokataa. "Mwalimu, weka spana chini," mzee aliniambia kabla sijaishika. Tulishusha mnyororo kidogo sana, tukainua jeki, tukapima tena mapengo. La chini lilikuwa kubwa kuliko la juu. Tulipolisawazisha, injini iliingia kwa kusukumwa na tumbo la mdogo wangu, ikagonga kwa sauti nzito, nyuso zikakutana. Nati zilikuja baadaye kwa kazi yake halali, ambayo ni kushikilia kilichokwisha kukaa.

Kuhusu upepo kwenye mfumo wa klachi nitasema machache. Pistoni ya silinda ya chini, ile inayosukuma uma, irudishwe yote ndani kabla ya kutoa upepo, vinginevyo kuna hewa inayojificha nyuma yake. Hozi ya mpira ikiwa ya zamani ibadilishwe, kwa sababu huvimba kwa ndani na pedeli inabaki chini. Na mafuta ya breki yanakula rangi, kwa hiyo futa mara moja.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa rivasi. Giaboksi ya Series III ina sinkro, vile vifaa vinavyolinganisha mwendo wa gia zisikwaruze, kwa gia zote za mbele, lakini rivasi haina, kwa hiyo haiwezi kukudanganya. Injini ikiwa saileni, yaani inawaka bila kukanyagiwa mafuta, kanyaga klachi, subiri sekunde chache, ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inakata. Ikikwaruza, kuna kitu bado kinaburuzwa, aidha upepo, aidha pleti, aidha ule mstari. Yangu iliingia kimya.

Chini kabisa ya hauzi kuna tundu dogo la kutolea majimaji. Land Rover walitoa plagi ya kuliziba unapovuka mto, na ukimaliza kuvuka unaitoa. Wengi huiacha humo mwaka mzima, na oili inajikusanya ndani mpaka inafika kwenye klachi. Tundu likiwa wazi linakupa taarifa. Nimeweka kipande cha boksi chini ya gari, na nimepata tone moja. Nililinusa: linanuka kiberiti, si jeusi, kwa hiyo ni oili ya giaboksi kutoka kwenye sili ya shafti, si ya injini. Ile mipira ya T imeshika. Tone hilo nitalifuatilia.

Kwa sasa gari linatembea mjini bila mzigo, kwa sababu bitana mpya zinahitaji kilomita mia kadhaa za mwendo wa upole hadi zikae sawasawa na uso wa flaiwili. Jirani yule aliyenipa pole ameshakuja kuuliza kama 109 inaweza kumvutia trela la saruji kutoka barabara kuu. Nimemwambia inaweza, ila arudi mwezi ujao.